Meli Haina Mgonjwa

Mlinzi wa geti la bandari aliifungua chupa ya supu, akainusa, akaifunga. Bado hakumruhusu mke wa fundi kupita.

"Dada, meli haijapata ruhusa ya afya. Hapandi mtu, hashuki mtu."

"Mume wangu yumo humo. Hata mate hamezi."

"Basi msubiri daktari hapo pembeni."

Akasubiri kwenye kivuli cha kontena. Mumewe, fundi wa mitambo melini, alikuwa amempigia asubuhi. Alizungumza kama mtu mwenye pamba kinywani: koo limeziba, lina utando wa kijivu. "Shingo imenenepa, ukiniona utasema huko baharini nilikuwa nakula tu," alitania. Akacheka, akakohoa, simu ikakatika.

Daktari wa bandari alishuka ngazi ya meli, barakoa imening'inia kidevuni. Wakala wa kampuni ya meli alimfuata unyounyo.

"Ni dondakoo," daktari alisema. "Ashushwe sasa hivi apate dawa. Wenzake wote wawekwe karantini."

"Ukiandika hivyo, meli inasimama. Hii ngano iliyomo ina wenyewe, daktari." Wakala alipiga simu, akamkabidhi. "Ongea na mkubwa wako."

Daktari alisikiliza. "Ndiyo, mkuu... Naelewa, mkuu." Aliporudisha simu, macho yake yalikuwa chini.

"Tuandike mafua," alisema.

Mke wa fundi akawasogelea. "Daktari, nimekusikia. Umesema dondakoo."

"Mama, ni mafua makali. Atapewa vidonge humo humo."

"Kama ni mafua, nipeni nikamuuguze nyumbani!"

Wakala alitabasamu kwa upole. "Mkataba wake haujaisha, mama. Yuko kazini."

Winchi zikaanza kuzunguka. Ngano ikamiminwa kwenye malori, vumbi lake likatanda hadi getini. Alimpigia tena mumewe. Sasa hakuweza kusema kitu, alihema tu, basi mkewe akaongea kwa wawili. Binti yao kang'oka jino, kalificha chini ya mto, hataki mtu aliguse. Shemeji katuwekea mlango mpya, unalia kama paka. Kila alipomaliza jambo, fundi aligonga simu kwa ukucha: nakusikia. Baadaye ugongaji ukakoma. Akadhani amesinzia. Akashusha sauti asimwamshe, akaendelea kumsimulia.

Kesho yake mchana, ngano ilipokwisha, walipanda watu wenye mavazi meupe na mabuti. Walishuka na jeneza lililozungushiwa plastiki. Alilikimbilia. Daktari akatanua mikono kumzuia.

"Usimguse, mama. Hakuna kumwosha, hakuna kumfunua uso. Huu ugonjwa unaambukiza."

"Si mlisema mafua?"

Daktari aliivuta barakoa kutoka kidevuni, akaziba mdomo. Mtu wa mavazi meupe alimpulizia dawa viatuni, kisha kwenye pindo la gauni.

"Rudi nyuma, mama. Rudi kabisa."

Geti dogo likafunguliwa. Mabaharia wakatoka kwenda kutembea mjini, wamenyoa ndevu, wananukia sabuni. Mlinzi akawakaribisha kwa kicheko. Wa mwisho alikuwa yule aliyelala chumba kimoja na fundi. Mjane alimjua kwa picha. Baharia huyo alisimama mbele yake, akataka kusema neno. Halikutoka. Akashika shingo, akageuka, akatema mate ukutani, kisha akaharakisha kuwafuata wenzake, waliokuwa wameshapotelea kwenye umati wa sokoni.