Mtoro Aliyerudi na Udongo Kinywani

Mhubiri Duncan Petrie alikuwa katikati ya somo la Lazaro, shati limemganda mgongoni kwa jasho, wakati Kalaba alipoingia kanisani. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa tisa, mwaka 1934, katika joto lile linalotangulia mvua. Moshi wa bomba la kiwanda ulikuwa umelala juu ya mtaa wa Kamalondo na kuwaachia watu ladha kali ulimini. Mhubiri aliinua mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha Uskoti, "Lazaro, toka nje!" Kabla mkalimani wake, Constantin Bwalya, hajaligeuza neno hilo, Kalaba alisukuma mlango, akavua kofia yake ya mgodini, akaenda upande wa wanaume. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu tangu utosini hadi viatuni. Waliokuwa kwenye benchi la nyuma walisogea wakampa nafasi. Constantin akamalizia, "Lazaro, toka inje," na somo likaendelea.

Upande wa wanawake, Delphine, mke wa Kalaba, alimtazama mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye kitabu cha nyimbo.

Ibada ilipokwisha alimngojea kivulini mwa ukuta, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

Kalaba alifungua kinywa ili ajibu. Udongo ulimwagika kifuani pake, mkavu, wenye chembe za kijani za shaba. Delphine akamkaribia, akamnusa shingoni, akanusa na kola, polepole, kama mtu anayetafuta harufu ya sabuni ambayo hakuinunua yeye.

"Ule bibi yako wa Ndola njo anakulishaka hii?"

Kalaba alitikisa kichwa, na udongo zaidi ukaanguka. Delphine akamwambia amfuate nyumbani, ila asikanyage mkeka.

Petrie aliyaona hayo yote akiwa mlangoni. Makanisa ya Dundee, kwao Uskoti, yalikuwa yamemtuma kufundisha katika makutaniko ya Katanga, na watu hapa walimwita Bwana Pitiri. Alikuwa mtu wa kutazama mambo kwa jicho la pembeni. Kwao aliwahi kuona mhubiri mmoja akimkodi mtu mwenye magongo ili ayatupe mbele ya umati, na tangu siku hiyo hakumwamini mgonjwa yeyote aliyepona haraka. Yeye pia alitazamwa vivyo hivyo. Boma lilimtuma polisi aliyeitwa Chanda kukaa kanisani kila siku, kavaa suti ya Jumapili, asikilize kama mgeni huyu analeta fitina. Wanawake wa Kamalondo nao waliulizana ni mwanamume gani anayeacha nyumba yake na mkewe, avuke bahari, kuja tu kuwauliza watu wengine habari za dhambi zao.

"Yule ni nani?" Petrie alimuuliza Constantin, kwa Kiingereza.

"Kalaba. Alikuwa akiimba sauti ya chini kwenye kwaya. Alifanya kazi kwa Bwana Goossens."

Goossens, Mbelgiji, alikuwa na mgodi wake mdogo wa shaba, njia ya kwenda Kipushi.

"Siku moja Kalaba hakutoka shimoni pamoja na wenzake, na njia ya chini ikazibwa," Constantin aliendelea. "Bwana Goossens alisema ametoroka, amevuka mpaka kwenda Rhodesia, kwa mwanamke wa Ndola. Delphine akatolewa katika nyumba ya kambi ya mgodi."

"Na sasa amerudi kutoka Rhodesia."

"Hapana, Bwana. Amekufa," alisema Constantin, kwa sauti ile ile ambayo angesema kwamba mtu fulani ni Mkatoliki.

Petrie alimshuku kwanza Constantin, kisha kwaya nzima. Kesho yake asubuhi alichukua kioo chake cha kunyolea ndevu, akaenda nyumbani kwa Delphine bila kuaga.

Alimkuta Kalaba ameketi kwenye kigoda uani, kuku wakidonoa udongo ulioanguka miguuni pake. Petrie alimshika mkono: ulikuwa baridi, na hapakuwa na mshipa uliopiga. Akamwekea kioo puani, akangoja. Kioo kilibaki kikavu, kikionyesha uso mwekundu wa Petrie mwenyewe kila alipokisogeza. Wakati huo Delphine alileta beseni na kitambaa, akamvua mume wake shati ili amwoshe.

Kifua cha Kalaba kilikuwa kimelala bapa kama ngozi iliyotandazwa juani. Mbavu zilikuwa zimevunjika na kuingiana, na katikati yake lilikuwa limekaa jiwe, kubwa kama kichwa cha mtoto, kana kwamba limewekwa hapo kwa makusudi.

Delphine alisimama na kitambaa mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameishi na chuki yake kwa mwanamke wa Ndola kwa muda mrefu. Alimjua hata sura, ingawa hakuwahi kumwona.

"Hii haiko kazi ya bibi wa Ndola," alisema.

Akamwosha kuzunguka jiwe. Alipomaliza alimgeukia mhubiri.

"Bwana Pasta, twende na weye ku boma. Useme paka neno moja tu: iko mufu. Miye nikisema, banasema niko bibi ya mutoro, nasema bongo, nadanganya. Weye uko muzungu, batakusikia."

Constantin, ambaye alikuwa amefika akihema, aligeuza maneno hayo, akaongeza yaliyobaki. Boma lilikuwa limemwamuru Delphine aondoke mjini kabla ya mvua, kwa kuwa mke wa mtoro hakuruhusiwa kukaa mtaani. Kwao kulikuwa mbali kaskazini, na hakukuwa tena na mtu. Lakini mjane angeachwa akae, aendelee kushona nguo za wateja wake, na mume wake angezikwa.

"Nitakuja," alisema Petrie.

Alisema hivyo akitabasamu. Shaka yake yote ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na magongo ya kukodi hapa. Mtu huyu alikuwa amekufa kweli, na Petrie alipoita "toka nje" alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Delphine alimwona mhubiri jinsi alivyofurahi, na furaha ile hakuipenda.

Hawakuhitaji kuomba nafasi ya kuonana na mkubwa. Chanda alikuwa amekwisha kuripoti kwamba mtoro wa Bwana Goossens amerudi, na siku ya tatu wote waliitwa biro, ofisini bomani. Administrata, mkubwa wa boma, alikaa nyuma ya meza, Goossens akaketi karibu na dirisha akijipepea kwa kofia, na Kalaba akasimamishwa katikati ya chumba. Tarishi alifagia udongo ulioanguka, akangoja kidogo, akafagia tena.

"Bafungue shati yake," alisema Delphine. "Bwana Administrata aangalie."

"Wengi wanakuja kazini na vifua vibaya," alisema Goossens. Hakugeuza kichwa.

Administrata naye hakutaka kufungua shati la mtu ofisini mwake. Alimwelekea mhubiri.

"Pasteur, wewe umemchunguza. Mtu huyu ni mfu au ni hai?"

Petrie alisimama. Alimwangalia Kalaba, aliyesimama wima, kofia mkononi, macho wazi. Alikuwa amefundisha somo la Lazaro kwa miaka mingi mbele ya mabenchi yaliyozidi kuwa matupu, na hakuna hata mara moja ambapo mtu aliingia mlangoni.

"Alikuwa amekufa," alisema kwa Kiingereza, "na sasa ni hai. Bwana amemfufua."

Constantin akasema kwa Kiswahili, akitazama sakafu, "Anasema iko mufu."

Lakini administrata alikuwa anajua Kiingereza cha kutosha. Aligonga meza kwa kidole kimoja. Constantin akarudia, safari hii kama lilivyosemwa.

"Ni hai, basi," alisema administrata. "Kama ni hai, alitoroka. Mkataba wake haukuisha."

"Jiwe lilimwangukia!" alisema Petrie. "Walimwacha chini, wakaziba njia."

"Kama jiwe lilimuua, ni mfu, na mimi nitamuuliza Bwana Goossens alifia wapi. Ila hapo wewe hukumfufua mtu, Pasteur. Unaleta tu maiti mitaani, na hilo nalo lina sheria yake. Sema moja."

Tarishi aliacha kufagia. Petrie alifikiri juu ya kioo kikavu, kisha akafikiri tena juu ya mlango wa kanisa ulivyofunguka.

"Ni hai," alisema.

"Weye ulitia kioo," alisema Delphine. "Unajua."

Petrie hakungoja ageuziwe maneno hayo. Alichukua kofia yake, akatoka nje kwenye jua.

Kalaba alirudishwa mgodini siku ile ile ili amalizie mkataba. Delphine, kwa kuwa sasa alikuwa mke wa mtu wa kazi, alikwenda kuomba nyumba ya kambi. Aliambiwa kwamba mtu asiyelala hahitaji nyumba. Amri ya kuondoka mjini ikabaki palepale.

Jumamosi Goossens alifika kanisani kwa lori lake, akamsalimu Petrie kwa heshima kubwa.

"Yule Kalaba anafanya kazi vizuri," alisema. "Hali chakula, haugui, hata taa haombi. Njoo ufundishe kwangu, Pasteur, penye mdomo wa shimo. Somo lile lile."

"Kwa nini lile lile?"

"Watu wengi wamenitoroka," alisema Goossens.

Petrie alimtazama kwa muda mrefu. Ile tabia yake ya jicho la pembeni ilimrudia, na akaelewa watoro hao walikuwa wapi. Hata hivyo alikubali kwenda, akijiambia kwamba atafundisha habari za mabwana na watumwa, na kwamba Goossens atalazimika kusikiliza.

Kesho yake alipofika mgodini aliwakuta wanawake wamemtangulia. Walisimama kando ya ua, wamevaa nguo za kanisani, na kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyesemekana kuwa Rhodesia. Delphine alikuwa kati yao. Mwanamke mzee, mama wa kijana mmoja aliyeitwa Mumba, alitoka mbele akamshika mhubiri mkono wa koti.

"Sema ile neno, Bwana Pasta. Nimuone mutoto yangu paka mara moja."

"Asiseme!" alisema Delphine. "Akitoka, batamurudisha mu kazi. Hatapumuzika hata kidogo."

"Weye ulishaka kumuona wa kwako, mama," mwingine alimjibu. "Unataka siye tubakie paka na habari ya Ndola?"

Petrie alifungua Kitabu. Kidole chake kilikwenda chenyewe mahali kilipozoea kwenda, na kutoka shimoni ikasikika sauti ya viatu vikijipanga, taratibu, kama watu walio mlangoni mwa kanisa wakingoja kuitwa. Goossens alivua kofia. Kapita, msimamizi wa zamu, alisimama tayari kuwapokea, taa zikining'inia kwa minyororo mkononi.

Petrie alikifunga Kitabu.

"Leo hakuna somo," alisema.

Constantin aligeuza maneno hayo. Hakuna aliyeyapokea vizuri. Goossens aliwatazama wanawake, akijiuliza walimwahidi nini mzungu huyu. Wanawake nao walimtazama Goossens, kisha wakamtazama mhubiri, wakiulizana kwa sauti ya chini alipewa nini ili anyamaze. Petrie alisikia mnong'ono, akaelewa bila mkalimani. Alikwenda kupanda lori, akaketi akiwapa mgongo.

King'ora kililia. Kalaba alipita na wenzake wa zamu, akainamisha kichwa mbele ya mke wake, akaingia katika kizimba cha kushukia shimoni, wakashushwa. Delphine alingoja mpaka kamba iliposimama, ndipo akaondoka, kwa kuwa Chanda alikuwa amemwambia kwamba treni yake ni kesho asubuhi.

Mama yake Mumba ndiye aliyebaki. Aliinama juu ya mdomo wa shimo, akamwita mwanawe kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtoto aje kula. Kutoka chini vikasogea viatu vya watu wengi. Kapita akamwomba asimame kando kidogo, apate kufunga wavu wa shimo.