Iachie Hiyo Baiskeli

Mume wangu ana kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kilichotufikisha ukingoni mwa korongo. Naanza na lawama kwa sababu mimi nikiogopa hugomba, na siku ile niliogopa kuliko siku zote.

Ujana wake wote alikata mawe, vumbi likamkaa kifuani. Daktari akamkataza kupanda mlima kwa miguu yake. Huyu ni mtu ambaye kila akipata nafasi alikuwa porini na baiskeli yake ya milimani. Akabaki sebuleni akitazama ukuta, haongei, hali vizuri, nikaona sasa nitabaki naishi na kivuli. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mota za pampu. Nikatafuta mota ya kukaa kwenye gurudumu la nyuma, nikafunga betri kwenye fremu, nikabana waya zote zisinaswe na matawi. Penye pedali nikaweka kidude cha kuhisi: zikizunguka tu, mota inasukuma.

Tukagombana kwenye vishikio vya breki. Vile vipya vina swichi ndani, ukivibana umeme unakatika. Akavikataa.

"Hivi vya zamani vidole vyangu vinavijua."

"Mzoea punda hapandi farasi," nikamwambia.

"Farasi nitampanda, Fundi. Niachie hatamu zangu tu."

Basi. Nani anashindana naye?

Tukashuka korongoni asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma na baiskeli yangu ya kawaida. Mteremko ulikuwa mkali, lakini mota ingempandisha wakati wa kurudi. Alikuwa anapiga mluzi. Mwaka mzima sikuwa nimeusikia mluzi ule.

Njia ikawa nyembamba, kulia mwamba, kushoto hakuna kitu. Tukashuka kwenye baiskeli, tukaanza kuzikokota. Yeye alipita upande wa mwamba, baiskeli upande wa nje. Pedali ya kushoto ikagonga jiwe, ikazunguka, mota ikanguruma. Baiskeli ikaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Akabana breki kwa nguvu zake zote, lakini mota haikuwa na habari na breki. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe, likatoka nje ya njia. Nilipofumbua macho alikuwa amelala kifudifudi, mikono yote miwili kwenye usukani, na baiskeli nzima inaning'inia chini yake.

Nikatupa yangu, nikatambaa mpaka nikaushika mkanda wa suruali yake. Changarawe zilikuwa zinaporomoka chini ya kifua chake, na kila pumzi aliyovuta ilitoa sauti ya msumeno.

"Iachie," nikasema.

"Siachii."

"Mzee, iachie hiyo baiskeli. Nitatengeneza nyingine."

"Utatengeneza kesho." Akavuta pumzi. "Leo narudije juu?"

Alichosema kilikuwa kweli tupu. Bila mota mlima ule ungemmaliza, na yeye alikuwa ameshapiga hesabu hiyo wakati mimi bado namgombeza. Betri ilikuwa nzito, ikazidi kumvuta, mabega yake yakawa yameshapita ukingo. Nami nikaanza kuteleza pamoja naye. Nilitafuta kwa mguu jiwe la kujizuia, sikulipata.

"Sikia," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto anayelia. "Mimi mkanda huu siuachii. Ukienda, tunakwenda wote."

Akageuza shingo kidogo akanitazama. Nadhani aliona kwamba sitanii. Akafumbua vidole.

Ilichukua muda kabla hatujaisikia inafika chini. Nikamvuta, nikamkalisha, mgongo kwenye mwamba. Nikamtukana, nikamshika uso, nikamtukana tena. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Nikamwambia tutapanda pole pole, atanishika bega. Akatikisa kichwa.

"Nenda kaite watu."

Hapo ndipo hofu iliponishika vizuri. Mume wangu hakuwahi kukubali hata jirani ajue habari za kifua chake. Wageni wakija, alijizuia kukohoa mpaka macho yakamtoka machozi.

"Sikuachi hapa peke yako."

"Simu haina mtandao. Unataka tukae mpaka lini?" Akapumzika. "Nenda. Ukiniita, nitagonga jiwe. Kuongea naona kazi."

Nikamfunika koti langu, nikamwekea maji, nikaanza kupanda mbio. Baiskeli sikuigusa, kwenye mwinuko ule ingenichelewesha tu. Kila baada ya kitambo nilisimama nikaita, na kutoka chini likaja: ko, ko. Nikakimbia tena. Nikaita. Ko, ko. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, bila haya.

Karibu na kilele, paa za nyumba zikiwa zimeshaonekana, nikaita. Kimya. Nikaita tena, nikasikia upepo tu. Labda ni umbali, nikajiambia. Labda jiwe limemponyoka. Mbele walikuwa watu wenye mikono ya kumbeba, nyuma alikuwa yeye, nami nilisimama katikati nimeshika kichwa.

Sikurudi. Nilikimbilia kwenye zile nyumba nikipiga kelele jina lake, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa huko.