Msimchome Mdogo Wangu

Barua pepe kutoka Japani ilikuwa na mistari mitano tu, na Alfred aliisoma akiwa amesimama kwenye meza ya mapokezi ya jengo alilokuwa akililinda kule Silicon Oasis, Dubai. Mdogo wake Ronny, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa ameanguka kazini kiwandani Ijumaa na kufariki hospitalini bila kuzinduka. Kiwanda kilitoa pole. Mwili umehifadhiwa, waliandika, na kwa kuwa kwao maiti huchomwa, wangeomba familia iseme neno lake kabla ya Alhamisi.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Alfred alijibu saa ileile: msimchome, nakuja kumchukua. Jibu halikuja. Akapiga ile namba iliyokuwa chini ya barua, akapokelewa na sauti ya mwanamke iliyozungumza Kijapani kitupu. Alijaribu Kiingereza, mwanamke akajaribu naye, wote wawili wakashindwa.

Jioni alimpigia mama yake Bungoma. Mama alikuwa ameshalia mpaka sauti imekauka.

"Mtoto wangu hachomwi, Alfred," alisema. "Yeye si takataka. Nenda umlete."

"Nitaenda, mama."

Kwenda kwenyewe kulitaka viza, na viza ilitaka pasipoti, na pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la ofisi ya kampuni tangu siku aliyotua Dubai. Msimamizi wake, Raed, hakuwa mtu mbaya. Alimwekea mkono begani, akamwambia arbab, mwenye kampuni, ndiye aliye na ufunguo na arbab amesafiri.

"Inshallah kesho," alisema Raed. Jumatatu alisema hivyo, na Jumanne pia.

Alfred hakukaa bure. Kwenye duka moja kule Muhaisnah, karibu na kambi ya wafanyakazi alikolala, alichapisha karatasi aliyoipata mtandaoni: maneno arobaini ya Kijapani kwa msafiri wa mara ya kwanza. Akampelekea Mwanatumu, mwanamke wa Lamu aliyekuwa mhudumu katika mkahawa wa Kijapani uliokuwa chini ya jengo hilohilo. Mwanatumu alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Mpishi Mjapani aliyemfundisha lugha alikwisha kurudi kwao, lakini maneno yalimbakia.

Walikaa kwenye ngazi za nyuma, saa ya Mwanatumu ya kupumzika mchana. Mwanatumu aliipitia karatasi kwa kalamu. Chakula hiki ni kitamu, akafuta. Tafadhali tupige picha, akafuta. Je, mna rangi nyingine, akafuta.

"Wewe kaka huendi kutembea," alisema. "Shika haya. *Sumimasen* ni samahani, waanza nalo kila mara. *Wakarimasen*, sielewi. *Doko desu ka*, iko wapi. *Hai* ni ndiyo."

Alfred aliyarudia moja moja kama mtoto wa chekechea. Halafu akauliza lililomleta.

"Nikitaka kusema msimchome mdogo wangu, nasemaje?"

Mwanatumu aliacha kuandika. Midomo yake ilicheza, akiunganisha maneno.

"*Ototo o yakanaide kudasai*," alisema mwishowe. "*Ototo* ndiye mdogo wako wa kiume."

Lilikuwa karibu sana na neno mtoto, na Alfred alilazimika kutazama pembeni. Ronny alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kliniki. Ndiye pia aliyemwambia, miaka miwili nyuma, asije Dubai kuungua jua milangoni mwa watu, atafute Japani.

Jumanne saa nne asubuhi alipiga simu. Alisema *sumimasen*, akataja jina la Ronny, kisha akaitamka sentensi yake polepole.

"*Hai*," mwanamke alisema. Alfred akairudia. "*Hai, hai*," alisema tena mwanamke, kwa upole, kisha akaongea maneno mengi ambayo Alfred hakuyaelewa. Alfred akashukuru, akakata.

Mchana alimkuta Mwanatumu akipanga vijiti vya kulia mezani.

"Wamekubali, dada. Wamesema *hai*, tena mara tatu."

"Alhamdulillahi. Wataka nipige na mimi nihakikishe?"

"Hapana, usijiingize matatani kazini kwa ajili yangu. Wamekubali."

Alimweleza mama yake vilevile. Jumatano alipiga tena, akaambiwa *hai* tena. Siku hiyohiyo Raed alimkabidhi pasipoti, naye akakimbilia ofisi ya viza, akaambiwa jibu litachukua kama wiki. Huko nyumbani baba yake mdogo alikuwa ameshawaita vijana, kaburi limeanza kuchimbwa kando ya kaburi la baba.

Ijumaa Mwanatumu hakuwa kazini. Alipanda basi kutoka kwake Satwa asubuhi ili amsaidie Alfred kuuliza mwili utachukuliwa wapi na kwa karatasi gani. Walipiga simu kwenye ngazi zilezile. Mwanatumu alizungumza kidogo, akasikiliza sana. Aliuliza kitu, akakiuliza tena. Mkono wake wa bure ulishika ncha ya buibui ukaanza kuisokota.

Alfred alisikia sauti ya yule mwanamke ikirudiarudia neno refu asilolijua.

"Anasemaje?"

"Aomba radhi," alisema Mwanatumu. Simu ilikuwa imekatika. "Aomba radhi kubwa, ile ya mtu asiyekuwa na la kujitetea."

"Radhi ya nini?"

"Kaka Alfred, walimchoma jana."

Alimweleza yote, kwa sababu hakuona namna ya kupunguza. Yule mwanamke alikuwa wa kupokea simu tu pale kiwandani, na habari za jibu la Alfred la barua pepe hakuzijua. Kila Alfred alipopiga alimwambia kuwa jambo hilo si lake, ni la ofisi ya mji, akamsomea na namba ya kupiga. Alidhani Alfred anaandika. Ile *hai* yake haikuwa ndiyo ya kukubali. Ni namna yao ya kumwambia mtu nakusikia, endelea.

"Ulilijua hilo?" Alfred aliuliza.

"Nililijua. Wateja huniambia hivyo kila siku. Siku ile halikunijia, nilikuona huna wakati, nikakupa maana ya haraka." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Ni mimi."

Kama angekuwa mtu mwema zaidi, au siku nyingine, Alfred angemwambia si kosa lake.

"Rudi nyumbani," alimwambia.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Wewe si ulisema wamekubali?" kisha simu ikapokewa na baba mdogo. Mzee alisema wataketi wazungumze. Jumapili alipiga: mkebe wa majivu utazikwa, lakini mpakani mwa shamba. Kaburi la kando ya baba wameshalifukia.

Alfred alipita mbele ya mkahawa siku tano bila kugeuza shingo. Siku ya sita, viza ikiwa imetoka, Mwanatumu alimfuata mwenyewe kwenye meza ya mapokezi na karatasi mpya aliyoiandika kwa mkono.

"Huna haja ya kusema nami," alisema. "Lakini huko utahitaji kusema. Hii ya kwanza: nimekuja kumchukua mdogo wangu."

Alfred aliitazama karatasi, kisha akaisoma kwa sauti. Mwanatumu alimsahihisha mahali pawili. Akaisoma tena.

"Wakikujibu *hai*, usiondoke. Uliza mpaka wakuonyeshe kwa kidole."

Aliondoka Jumatatu. Kwenye uwanja wa ndege, kabla ya kuzima simu, alimpigia mama yake mara tatu. Simu ya mama ililia mpaka ikakatika yenyewe, kama ilivyokuwa ikilia tangu ile Ijumaa.