Jeneza Kwenye Kona ya Ubeid

"Mia tisa na nane, mia tisa na tisa, mia tisa na kumi."

Gurudumu liligota kwenye ngazi ya msikiti. Nilitoa kalamu sikioni nikaandika: kwa barabara ya lami, mizunguko 910. Jana nilikuwa nimepita njia ya miguu, mlango ule ule wa Bi Muhsina hadi ngazi hii hii, nikapata 94.

Ni gurudumu la mbele la baiskeli, nimelifunga kitambaa chekundu kwenye njiti moja. Kila kitambaa kinaporudi chini, nimekwenda mita mbili na sentimita saba. Natengeneza baiskeli hapa Ukunda mwaka wa ishirini na sita, na kuchora ramani nimejifunza mwenyewe, kwa kuwa wanaolipwa kuzichora hawaji kutazama.

Wangekuja wangeona mitaa mipya mitano nyuma ya barabara kuu. Kila mmoja una geti moja, askari mmoja na jina la Kiingereza. Mmoja jina lake linasema unatazama bahari. Bahari iko mbali, na unachotazama ni ukuta wa mtaa mwingine, unaojiita bustani na haujaota hata mchicha. Barabara za ndani ni pana, zimelazwa vizuri, na kila moja inakwenda kugonga ukuta. Mtu anamsikia jirani yake akikohoa, na akitaka kwenda kumpa pole lazima apande tuktuk.

Sipendi kuharakisha kumsema mtu. Ubeid nilimpa miaka minne.

Ubeid ni mtoto wa Bi Muhsina. Ndiye aliyelikata shamba la marehemu baba yake na kuliuza viwanja. Alipima kwa kamba kutoka mkanju hadi mkanju, akajiona mhandisi. Sasa, njia yetu nayo ilikuwa ikipita chini ya mikanju ile ile, maana watu hufuata kivuli. Kwa hiyo mpaka wa kila kiwanja ukalala juu ya njia. Wanunuzi wakajenga, kila mmoja akarudi nyuma kwa kadiri ya huruma yake. Zikabaki futi nne, na kona moja. Upande mmoja wa kona ni ukuta wa Ubeid mwenyewe, umefika kifuani. Upande wa pili ni kiwanja cha Johnstone, mpishi wa hoteli kutoka bara, ambaye fundi wake angeanza kuchimba msingi kesho yake.

Bi Muhsina yuko ndani, nyuma ya kona hiyo. Ana miaka themanini na moja, na moyo umechoka. Ameomba jambo moja tu: siku yake ikifika, abebwe mabegani kwa njia aliyobebwa mumewe. Hataki gari.

Nilimwomba imamu ruhusa ya kuijaribu njia, akanipa jeneza na mwadhini, Feisal. Johnstone tulimkuta akitazama kamba za fundi wake.

"Mzee Zahoro, nikishika hii kitu nitakuwa nimesilimu?"

"Hutasilimu. Utachafuka bega tu."

Alicheka, akavua saa. Ukahitajika mtu wa nne. Ubeid alikuwa pale pale, miwani ya jua kichwani, anamwonyesha mteja kiwanja kwa simu. Kwetu jeneza halipiti mbele ya mwanamume akakaa anatazama, hata likiwa tupu. Alikata simu akaja, akashika mbele kulia.

"Hii ni michezo ya kitoto, Zahoro."

"Inshallah iwe michezo."

Tukaenda. Mama yake alikuwa ametolewa kiti barazani, ametazama kona.

"Shikamoo, Bi Muhsina."

"Marahaba, wanangu. Mnanipima?"

"Tunapima njia, mama," Ubeid akasema.

"Basi pimeni vizuri. Mimi sijikunji."

Tulipoingia kwenye futi nne hatukuweza kwenda wawili wawili. Tukageuka upande upande, migongo ukutani, jeneza mikononi kati yetu, na kamba za Johnstone tukazihesabu kuwa ukuta. Kwenye kona mbele ikagota. Tukarudi nyuma, tukainua upande mmoja, ikagota tena. Jeneza lile na mipini yake lina futi tisa, na haligeuki hapo hata ufanye nini. Mara ya tatu mpini ulimbana Ubeid kifuani kwenye matofali yake mwenyewe. Miwani ikaanguka.

"Rudini! Rudini nyuma!"

"Turudi wapi?" Feisal akamuuliza. "Siku yenyewe watu mia watakuwa nyuma yetu."

Kutoka barazani Bi Muhsina akasema, bila kupandisha sauti: "Ubeid, mwanangu. Hapo ndipo utakaponisimamisha wima?"

"Mama, tutakodi gari zuri."

"Gari nilishakataa. Nimezaa dalali, nikadhani nimezaa mtu."

Tulirudi kinyumenyume, tukaweka jeneza kwenye mchanga wa Johnstone. Nikafungua daftari nikawaonyesha mchoro: futi saba kila upande wa kona, wabebaji wanapita bila kugusa ukuta. Kila mmoja atoe futi tatu.

Johnstone aliufuata mchoro kwa kidole. "Mimi niliuziwa na ramani, mzee. Kwenye ramani hapa hakuna njia."

"Najua. Aliyeichora huyo hapo."

Akamtazama Ubeid kama anavyotazama samaki wa juzi. Kisha akaenda mwenyewe, akang'oa vigingi vyake viwili, akahesabu nyayo tatu kuingia ndani, akavipigilia upya kwa jiwe. Nilimfuata nikapima kwa futi. Amezidisha inchi mbili. Nikaziacha.

"Na wewe?" nikamuuliza Ubeid.

"Ukuta umeshasimama. Kuvunja si jambo la kusemwa njiani. Tutazungumza."

Mtu aliyeuza njia hataki kuzungumzia njiani. Nilifunga kamba kwenye kigingi cha kwanza, nikaivuta ndani ya kiwanja chake futi tatu nyuma ya ukuta, nikamnyooshea ncha ya pili. Hakuipokea. Aliokota miwani, akaipangusa, akaenda.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Feisal alitaka jeneza lirudi mahali pake. Niliikunja ncha ile nikaiweka chini ya tofali, kwenye ukuta wa Ubeid, mahali atakapoiona. Kwenye daftari niliandika: upande wa Johnstone, tayari. Upande wa pili nikaacha wazi.

"Zahoro," Bi Muhsina akaniita kutoka barazani tulipoinua jeneza. "Kesho saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, inshallah."

"Njoo na nyundo. Kiti changu nitakitanguliza hapo kwenye kona."