Kapteni Mnara Aja Mazikoni

Asubuhi ya mazishi ya Lou Fontanetta, Wendell Prochaska alikuwa kwenye gereji ya mama yake, mjini Burbank, akipiga pasi fulana ya Kapteni Mnara, shujaa wa katuni. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Pasi aliipitisha kandokando ya mkanda wa manjano uliochapishwa tumboni, kwa uangalifu ambao mama yake hakuwahi kumwona nao akiosha vyombo.

"Ndiyo unayoenda nayo mazikoni hiyo?" mama aliuliza mlangoni.

"Marehemu ndiye aliyemchora huyu, mama."

"Na suti yako je? Iko kabatini tangu harusi ya dada yako."

Wendell aligeuza fulana, akapiga pasi upande wa pili. Alikuwa na kipindi chake mtandaoni, alichokirekodi humo humo gerejini, na watazamaji wake laki nne hawakuzoea kumwona na suti. Hawakuwa watu wa kuchezea. Studio ilipotoa picha za filamu ya kwanza ya Kapteni, amevaa mkanda wa rangi ya chungwa, yeye na wenzake walipiga kelele mpaka studio ikaomba radhi, ikarudia kazi, na mkanda ukawa wa manjano. Wendell alilia kwa furaha. Ndilo jambo kubwa alilowahi kufanya hapa duniani, na alilitaja kila alipopata mwanya.

Makaburini watu hawakuwa wengi, na nusu yao walivaa fulana kama yake. Kapteni Mnara alikuja kwa basi, akachelewa kidogo. Vazi lake, kuruka kwake na asili yake, yaani habari za alivyotokea, ni mali ya studio moja. Sura na jina ni mali ya nyingine. Basi siku asizokuwa kazini hutembea na alichoachiwa. Alivaa suti ya kahawia ya kukodi, yenye mikono isiyomfika viganjani. Nguvu zake bado zilikuwa zinagombewa mahakamani, kwa hiyo jeneza alilibeba pembe moja tu, na wapwa watatu wa marehemu wakabeba zilizobaki.

Baada ya sala, Roberta, binti wa marehemu, alimwendea.

"Baba alikuchora kwenye meza yetu ya jikoni, mimi nikimshikia karatasi," alisema. "Kwenye filamu ya kwanza hawakuliweka jina lake popote. Waambie hawa watu nani alikutengeneza. Taja jina tu, nitaridhika."

Kapteni akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mishipa ya shingo ikamtutumka, macho yakamlowa, kisha akafunga kinywa.

"Nisamehe, dada," alisema, sauti ikiwa imemrudia. "Hiyo ni asili yangu. Sina haki nayo."

Roberta akaitikia kwa kichwa, akamnyoosha kola ya suti.

"Na filamu ya pili je, Kapteni?" mmoja wa wenye fulana aliuliza kutoka nyuma. "Buti zina kamba?"

"Zina zipu," Kapteni alijibu. Sauti ilitoka bila shida, maana hayo yalikuwa matangazo ya filamu, na matangazo aliruhusiwa.

"Zipu! Jamani, wametumaliza hawa!"

Roberta akamgeukia Wendell. "Kaka, wewe kinywa chako hakina mwenyewe mwingine. Mkanda uliwafanya waubadilishe. Watu wako wakidai jina la baba liwekwe kwenye hii ya pili, litawekwa."

"Nitasema, dada. Leo hii hii," Wendell alisema, akifuta machozi kwa pindo la fulana. Wala hakuwa anamdanganya.

Alasiri alikaa mbele ya kipaza sauti, tayari kuanza na Lou Fontanetta. Akaona bora aanze na zipu, dakika chache tu, watu wachangamke. Sauti ilipomkauka jioni, Lou alikuwa bado hajafikiwa. Kipindi kilichofuata ilibidi awajibu waliotetea zipu, na cha baada yake awajibu waliomtukana kwa majibu yale. Roberta alimpigia simu mara kadhaa, kisha akaacha. Studio ikaomba radhi, kamba zikarudi, na Wendell akatumiwa mwaliko wa onyesho la kwanza.

Filamu ilikuwa nzuri, ukiacha glavu. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka, kwa sababu watu hawa hawatoki ukumbini mpaka majina yote yapite na kile kipande kidogo cha mwisho, kinachodokeza filamu ijayo, kioneshwe. Majina yakipita, wao hula bisi na kubishana. Aliyekuwa akiyasoma ni Kapteni Mnara peke yake, aliyekaa mbele ya Wendell na suti ile ile ya kahawia. Aliyafuata kwa kidole: mafundi, wapishi, madereva, mawakili, mawakili tena. Yalipokaribia kwisha, alisimama na kunyoosha shingo, huenda limo chini kabisa.

Wendell alijua anatafuta nini. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kweli. Kisha skrini ikaangaza, kipande cha mwisho kikaanza, na yeye hakuona ila mgongo.

"Kaka, kaa basi," alisema, akimgusa bega. "Unatuziba."

Kapteni Mnara akamwomba radhi, akakaa.