Mguu Ulioletwa Garajini

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kuona mtu anapeleka mguu wake garajini ndani ya mfuko wa mchele? Mi nimeona. Hapa hapa kwetu Cibitoke, Jumamosi asubuhi, nimekaa mlangoni na sinia mapajani nachagua maharagwe.

Aliyeuleta ni Massoudi, yule anayeuza viatu vya mitumba. Alikuja kwa mikongojo, mfuko umening'inia shingoni, na alipoufungua, mguu ukatoka na soksi yake, na kiatu chake cheusi kimepigwa rangi kinang'aa kabisa.

"Fundi Huseni," akamwita mwanangu, "nifungie bolti hii. Nikitembea inalia mpaka wateja wanageuka. Jana mmoja ameniuliza kama nauza bata."

Huseni akacheka, akaupokea. Kwetu ndivyo ilivyo: kitu chochote kinacholia kinaletwa kwa Huseni. Pedali ya baiskeli, cherehani, kiti cha mlemavu. Mguu wa bandia nao una bolti, basi uende wapi tena?

Lakini kabla ya kuendelea, nikuambie habari ya mjukuu wangu Assia, mtoto wa huyo Huseni, maana siku ile ni yake.

Tangu Assia yuko mdogo, baba yake anamwita Muganga, yaani daktari wa hospitali. Mtaa mzima unamwita Muganga. Kati ya nyumba na garaji Huseni alipanga matairi ya zamani, akamkataza asiyavuke. "Mikono ya muganga haishiki mafuta," anamwambia. Na mtoto akatii, akasoma, akafaulu.

Sasa wiki ile lise yao, shule ya sekondari, iliwapeleka hospitali kutazama kazi za afya, ili Jumatatu kila mtoto aseme anataka kusomea nini. Assia akarudi na unga mweupe kwenye nywele. Nikafikiri ni wa ngano.

"Ni plasta, bibi!" Macho yanamwaka. "Iko chumba kimoja wanatengeneza miguu! Wanapima mutu, wanamwaga plasta, inakuwa kama mguu wake. Halafu plastiki inaingia kwenye tanuri, inalegea, wanaivuta juu yake kama vile we unavuta unga wa chapati. Na anayevuta ni mwanamke, mama Daphrose. Amevaa koti jeupe, na tupa iko mfukoni!"

"Tupa? Ya chuma?"

"Ya chuma, bibi! Na amesoma hesabu, amesoma mifupa, yote. Amenipa nipige msasa. Ningelala pale pale."

"Basi mwambie baba yako."

Uso ukamzimika. "Apana, bibi. Baba amekwishaeleza musikiti mzima kwamba binti yake atakuwa muganga. Atasema amenitoa kwenye mafuta, nami narudi kwenye mafuta."

Toka hapo akanyamaza. Jumatatu inakaribia, yeye kimya.

Turudi Jumamosi. Massoudi ameketi juu ya pipa, mguu umebanwa kwenye jiliwa, na hapo gari likapiga honi nje. Ingrid, rafiki ya Assia, akaingia anaruka ruka. "Muganga, twende Kajaga, ziwani! Loïc wa shuleni amechukua gari ya kaka yake!" Kweli Assia alikuwa amevaa tayari, gauni la njano, nywele amezisuka vizuri. Nikanyoosha shingo nitazame garini. Huyo Loïc ameshika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili una chupa ya bia, na saa za asubuhi hizo!

Assia naye akaiona. "Ameanza kunywa?"

"Kidogo tu. We nawe unakuwa kama bibi yako."

"Basi ukae na huyu bibi," Assia akamwambia, anamshika mkono. "Maharagwe ni mengi. Ziwa halitahama."

Ingrid akanuna, akatazama garini, akatazama maharagwe. Kisha akavua viatu akakaa kwenye mkeka wangu. Loïc akapiga honi tena na tena, akachoka, akaenda zake.

Wakati huo Huseni alikuwa amekaza bolti, ameusukuma mguu kwa upande, bado unalia. Akawasha mashine ya kuchomea. "Nitaunganisha kabisa," akasema. "Hautasema neno tena."

"Baba, apana! Usichome!"

Assia akavuka matairi. Na gauni lake la njano, akavuka! Mi nikasahau maharagwe.

"Nimekuambia nini we mutoto?"

"Baba, bolti haina kosa. Baba Massoudi, samahani, umekonda?"

"Nimekonda," Massoudi akasema. "Tangu malaria ile. Suruali zote nazishika kwa kamba."

"Basi kisiki cha mguu wako kinazama ndani ya kikombe hiki cha plastiki, na mguu unainama upande, ndiyo maana bolti inalia. Nionyeshe."

Massoudi akapandisha suruali, akavua soksi ya kisiki. Pale chini ya goti nyama ilikuwa nyekundu, karibu kutoka kidonda. Huseni akazima mashine bila kuambiwa.

"Ukichoma, chuma kitanyamaza, lakini yeye ataumia," Assia akasema. "Mama Daphrose alituambia, utazame mwili kwanza. Bibi, lete soksi ya pamba, safi."

Nikampa soksi yangu ya pamba, ile ya siku za baridi. Akamvika tena ile ya kisiki, na yangu juu yake, akasawazisha mikunjo kwa kidole. Bolti akailegeza kidogo, akatia tone la mafuta, akamvalisha mguu. "Hii ni ya leo tu," akamwambia. "Jumatatu uende kwa mama Daphrose akupime upya."

Massoudi akasimama. Hatua moja. Sote tumetega masikio. Akazunguka ua wote, akapita mbele yangu kama bwana harusi, na ule mguu kimya!

"Bata amekufa!" akapiga kelele, na Ingrid akapiga vigelegele.

Huseni akachukua kitambaa, akaanza kumpangusa mwanawe mikono. Anacheka, machozi yako karibu. "Mumeona? Bado hajafika chuo na tayari ni muganga!"

"Baba," Assia akasema, "sitaki kuwa muganga. Nataka kutengeneza miguu."

Kitambaa kikasimama. Mi nikashika sinia nisije nikaliangusha.

"Huyo mama Daphrose," Huseni akauliza polepole, "ana jiliwa?"

"Anayo. Kubwa kuliko yako."

"Kubwa kuliko yangu?"

"Na tanuri, baba."

Huseni akatazama yale matairi, akatazama mikono ya mtoto iliyojaa mafuta, akakitupa kile kitambaa.

"Mi sikutaka muganga, Assia," akasema. "Niliogopa tu uchoke kama mimi. Nilichotaka, tangu zamani, ni kufanya kazi na wewe."