Programu Bado Imo

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Dorkas aliondoa kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, akavuta kiti, akabonyeza programu ya kudarizi. Haikufunguka. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. Kikatokea kidirisha cheupe, kikajifunga. Mashine ya kudarizi ilikuwa pembeni na nyuzi zake tayari, na juu ya meza kulikuwa na foronya za harusi zikisubiri majina mawili: Innocent na Faith. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Dorkas alikuwa fundi cherehani anayejulikana Mkiwa nzima, na hakuwa tayari mwanawe wa pekee aoe kwa foronya tupu za dukani.

"Innocent," aliita, "njoo uone hiki kidude chako."

"Si changu, mama. Kilikuwa cha Leah."

Leah alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, begi magotini, kitenge cha safari kimefungwa vizuri. Alikuwa mke wa Innocent. Miaka miwili iliyopita Dorkas alichoka kungoja mjukuu, akamwambia arudi kwao Mitundu. Asubuhi ile Dorkas alikuwa anashona, na Innocent alikuwa ameinamia simu. Hakuna aliyembebea begi. Leah alikwenda barabarani peke yake, akapanda gari, akafika kwao, na huko yupo mpaka leo, analima alizeti. Lakini kwa kuwa hakusindikizwa, Leah mwingine alibaki kwenye kigoda. Hakuwa na usumbufu. Wakifagia, walifagia kumzunguka. Hakuwa anaomba chakula, kwa hiyo hakuna aliyempa.

Innocent alisema dawa ni kuitoa programu na kuiweka upya. Akaitoa. Kompyuta ilifikiri kwa muda wa kuivisha maharage, kisha ikasema imetoka. Akaanza kuiweka upya, ikagoma.

"Inasema bado imo. Niitoe kwanza."

"Si umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Itoe tena."

Akajaribu kuitoa tena. Kompyuta ikasema programu hiyo haimo.

"Imo au haimo?" Dorkas aliuliza.

"Ukitaka kuitoa, haimo. Ukitaka kuiweka, imo."

Walizima, wakawasha. Umeme ukakatika, ukarudi, kompyuta ikaanza kujikagua yenyewe taratibu kama mtu asiye na harusi mbele yake. Jumapili walirudia yaleyale, wakapata majibu yaleyale. Jumatatu Innocent alimpigia fundi wa Singida mjini, naye akauliza kama wamejaribu kuzima na kuwasha. Dorkas alichukua simu akamjibu maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyasema.

Siku zote hizo kulikuwa na mzee mfupi kwenye kochi, amevaa koti la kijivu, mkoba wake uko miguuni. Alitokea sebuleni Jumamosi, palepale Innocent alipoitoa programu. Dorkas alidhani ni mgeni wa Innocent. Innocent alidhani ni mtu wa kanisani kwa mama. Wote wawili walimpa shikamoo, wakampa chai, ugali na kuku, wakamtandikia usiku, na hakuna aliyemuuliza shida yake kwa sababu si heshima kumuuliza mgeni kabla hajaisema mwenyewe. Naye hakuisema. Alikula vizuri.

Jumanne kompyuta ilibadili wimbo. Sasa ilitaka neno la siri la msimamizi wake, na msimamizi wake alikuwa Leah.

"Muulize," Dorkas alisema, akionyesha jikoni kwa kidevu.

"Huyu haongei, mama."

"Basi mpigie yule anayeongea."

Innocent aliitazama simu muda mrefu kabla ya kupiga. Akaiweka kwenye spika, akaisukuma mezani kwa mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema Leah wa Mitundu.

"Marahaba. Kompyuta inataka neno lako la siri."

"Ni jina lako, mama. Dorkas. Herufi zote ndogo."

Dorkas aliliandika jina lake kwa kidole kimoja. Akalikosea, akalifuta, akaliandika tena.

"Tumeitoa ile ya kudarizi," alisema. "Inakataa kurudi."

"Hapo sebuleni kuna mzee wa koti la kijivu?"

"Yupo."

"Ndiyo yenyewe, mama. Hamjamsindikiza. Hawezi kutoka mwenyewe, na akiwa ndani kompyuta itasema bado imo. Mmoja wenu ambebee mkoba mpaka barabarani, amuage. Mimi kila nikiitoa nilikuwa nangoja naye mpaka gari liondoke."

"Haya."

"Nyumbani hamjambo lakini?"

"Hatujambo," Dorkas alisema, akakata simu. Innocent alikuwa anakitazama kigoda.

Dorkas aliubeba mkoba mwenyewe. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Walitembea polepole hadi njia panda, wakazungumza mazungumzo ya kusindikizana: mvua zilivyochelewa, vitunguu vilivyoshuka bei. Wauza kuku waliwasalimia. Basi la Manyoni liliposimama, mzee alishukuru kwa ugali.

"Karibu tena," Dorkas alisema. "Wasalimie huko."

"Zimefika," mzee alisema, akapanda.

Innocent alianza tena kuiweka programu, na mara hii kompyuta haikusema neno. Jioni kukapigwa hodi. Alikuwa mzee yuleyale, amenyoa ndevu, koti limepigwa pasi. Akakaribishwa, akapita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, hawakumwona tena. Mashine ikaanza kudarizi. Ilipomaliza herufi ya mwisho ya jina la Faith, Dorkas alikata uzi kwa meno, akacheka peke yake kwa raha.

Ndipo Leah aliposimama kutoka kwenye kigoda. Hakuwa amesimama tangu alipobaki. Akamnyooshea Innocent begi.

Innocent alilishika mpini. "Mama," alisema, "ngoja nimfikishe huyu barabarani. Narudi sasa hivi."

"Umfikishe ili iweje?"

"Aende. Imekuwa muda mrefu."

"Pale njia panda wote wanamjua," Dorkas alisema. "Wakikuona umembebea begi watasema tulimfukuza."

"Tulimfukuza, mama."

"Wao hawajui. Rudisha begi."

Innocent alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alilirudisha. Leah alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakaa.

Jumamosi ndoa ilifungwa bomani, na msafara ukarudi Mkiwa kwa nderemo. Faith alishuka garini na gauni lake, akafika mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," Dorkas alisema.

Faith aliinua mguu wa kulia, haukuingia. Akaujaribu wa kushoto. Mlango ulikuwa wazi, na watu walimpita huku na huku na masufuria ya pilau.

"Mama," alisema, "humu bado kuna mtu."

Dorkas alisimama akakikinga kigoda kwa mwili wake. Alikuwa amechoka wiki nzima.

"Hamna mtu," alisema. "Jaribu tena."

Faith akajaribu tena. Sasa anaishi barazani, wamemfungia turubai, na Innocent hulala naye huko siku zisizo na mvua. Kila asubuhi Dorkas humfungulia mlango ajaribu, kisha humtolea chai nje. Foronya ziko kitandani, bado zina mikunjo ya pasi. Leah yuko kwenye kigoda, begi magotini, na kutoka pale hadi barabarani ni karibu, mtu anaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.